DARASA LA AWALI: TUTARAJIE NINI?

(Mazungumzo na wazazi na wahitimu wa kisomo)



Leo hatuzungumzi juu ya pamba wala mbolea. Tunazungumza juu ya mtoto wa miaka 5. Sasa yuko nyumbani, anafukuza kuku uani. Mwezi Januari ataingia darasa la awali. Wengi huku kwetu Usukumani wanaliita chekechea, na wengine wanasema vidudu. Tumia jina unalopenda. Ni mwaka mmoja wa masomo kabla ya darasa la kwanza.

Tumeamua kuyasema haya kwa sababu tukipita vijijini tunasikia mambo mawili. Kuna wazazi wanaosema, "Mtoto wa miaka 5 akafanye nini shuleni? Atakwenda akikomaa." Na kuna wengine wanaompeleka Januari, lakini ikifika Machi wanamtoa. Wanasema, "Tangu aende hajui kuandika hata jina lake. Kila siku nyimbo, kila siku mawe na vizibo vya soda. Afadhali akae nyumbani amwangalie mdogo wake."

Wazazi hao wote wanampenda mtoto wao. Shida ni kwamba hawakuelezwa kazi ya mwaka huu. Mkulima asiyejua mmea unakaa miezi mingapi shambani ataung'oa kabla haujazaa. Basi tuelezane.

MWAKA HUU ULITOKA WAPI

Shule za watoto wadogo si jambo la jana. Mwaka 1837 Mjerumani mmoja, Friedrich Fröbel, alianzisha mahali pa kuwafundisha watoto wadogo katika mji wa Bad Blankenburg. Mwaka 1840 akapapa jina. Kwa Kiswahili jina hilo maana yake ni "bustani ya watoto". Aliona kwamba mtoto mdogo hujifunza kwa kucheza, kuimba na kushika vitu kwa mikono yake.

Hapa Tanzania, Sera ya Elimu ya mwaka 1995 ilitaka shule za msingi ziwe na madarasa ya awali. Sera ya mwaka 2014 ikasema mwaka mmoja wa awali ni wa lazima. Tena tangu Januari 2016 hakuna ada katika shule za serikali, kuanzia awali mpaka kidato cha nne. Mwaka 2022 kidato cha tano na cha sita navyo vikaingia katika mpango huo. Kwa hiyo anayebaki nyumbani kwa sababu ya ada anabaki bila sababu. Mzazi anabaki na kazi yake: sare, daftari, penseli, na chakula kama kijiji kilivyokubaliana.

Ninyi mnaolima mpunga mtatuelewa upesi. Hamtupi mbegu moja kwa moja kwenye jaluba na kuiacha. Mnaotesha kwanza kwenye kitalu. Mche ukipata nguvu, ndipo mnaupandikiza. Darasa la awali ndilo kitalu, na darasa la kwanza ndilo jaluba. Mkulima hategemei kuvuna kitaluni.

KABLA YA SHULE KUFUNGULIWA

Uandikishaji hufanyika miezi ya mwisho ya mwaka. Usingoje Januari. Nenda shuleni na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Kama bado hujakipata, chukua kadi ya kliniki, umweleze mwalimu, kisha uendelee kukifuatilia cheti.

Mtoto mwenye ulemavu naye aandikishwe. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mtoto haki ya kusoma. Usimfiche ndani. Mweleze mwalimu mapema kama haoni vizuri, hasikii vizuri, au anatembea kwa shida.

Halafu mzoeze mambo madogo haya:

1. Ajue jina lake kamili, jina la baba au mama, na jina la kitongoji chake. Akipotea njiani, jina ndilo litakalomrudisha.

2. Ajue kuvaa na kuvua mwenyewe. Suruali au sketi ya mpira kiunoni ni bora kuliko ya vifungo vigumu. Mtoto mwenye haja hawezi kungoja kifungo.

3. Ajue kutumia choo. Choo cha shule kinaweza kumtisha, kwa kuwa ni kikubwa kuliko cha nyumbani na kuna kundi la wakubwa. Mpeleke akione kabla ya siku ya kwanza. Mfundishe kunawa kwa sabuni akitoka.

4. Ajue kuomba. "Naomba maji." "Naomba kwenda chooni." Maneno hayo mawili yatamwokoa na aibu nyingi.

Na ninyi mliohitimu kisomo, hapa mna kazi yenu. Andika jina la mtoto kwenye daftari lake, kikombe chake na mfuko wake. Liandike wewe mwenyewe, kwa herufi kubwa, huku yeye anatazama. Mwambie, "Hili ni jina lako." Hilo ndilo somo lake la kwanza la kusoma, naye amelipata kwako.

WIKI ZA KWANZA

Tarajia machozi. Mtoto ambaye hajawahi kukaa mbali na mama au bibi atalia. Wengine hulia siku mbili, wengine wiki mbili. Kuna anayekaa kimya kabisa, hasemi neno. Kuna ambaye alikwishaacha kukojoa kitandani, sasa anaanza tena. Asichapwe wala asichekwe. Ni woga, nao utapita.

Ukimfikisha shuleni, muage waziwazi. Mwambie utamwona saa ngapi, halafu nenda. Usitoroke akiwa amegeuka. Mtoto aliyetorokwa leo, kesho hataachia kitenge chako.

Usimtishe kwa shule. Kuna wazazi wanaosema, "Ngoja uende shule, mwalimu atakunyoosha!" Maneno hayo yanamfanya aingie darasani anatetemeka. Mtoto anayetetemeka hasikii anachofundishwa.

Tarajia pia uchovu. Atarudi amechoka, analia kwa jambo dogo. Mpe chakula, mwache alale. Tarajia mafua, upele na kikohozi, kwa sababu watoto wengi wamekutana mahali pamoja. Akiwa na homa, mbakize nyumbani na umpeleke zahanati. Akipona, arudi shuleni siku hiyohiyo anayopata nafuu. Usiseme wiki imeshaharibika.

WANACHEZA TU?

Sasa tufike kwenye neno lile linalowafanya wazazi wawatoe watoto mwezi Machi. "Wanacheza tu."

Tazameni kwanza mikono yenu. Mlipoanza kisomo mkiwa watu wazima, mikono hiyo ilikuwa na nguvu za kushika jembe siku nzima. Hata hivyo kalamu iliwatoa jasho. Vidole vilikuwa havijaizoea. Sasa mfikirieni mtoto wa miaka 5. Vidole vyake bado laini. Mwalimu akimpa udongo wa mfinyanzi afinyange ng'ombe, anavipa vidole nguvu. Akimpa shanga azitunge, anafundisha macho na vidole kufanya kazi pamoja. Akimpa kijiti achore mstari mchangani, amemwanzisha kuandika. Penseli inakuja baadaye, na ikija inakuta mkono uko tayari.

Chukueni hesabu. Mtoto anaweza kuimba "moja, mbili, tatu" mpaka ishirini bila kukosea. Baba anafurahi, anasema huyu anajua hesabu. Mjaribu. Weka lundo la punje za mahindi, mwambie, "Nipe tano." Watoto wengi watakupa gao zima. Wanajua wimbo wa namba, lakini hawajajua tano ni kiasi gani. Ndiyo maana ya vile vizibo na mawe. Mtoto anagusa kimoja anasema moja, anagusa cha pili anasema mbili. Anapanga vikubwa huku, vidogo kule. Anajua vitatu ukiongeza viwili vinakuwa vitano, kwa kuwa ameviona na kuvishika.

Chukueni nyimbo na hadithi. Mwalimu anaimba maneno yanayoanza kwa sauti moja: baba, bata, bakuli. Mtoto anasikia ile "ba" inavyorudi. Akifika darasa la kwanza akaonyeshwa herufi b na a, sikio lake tayari linaijua sauti hiyo. Mtoto ambaye hakusikia sauti hizi anakariri ubao kama kasuku. Ufute, naye amesahau.

Na kuna jambo jingine kubwa ambalo haliandikwi kwenye daftari. Ni kungoja zamu, kusikiliza mwenzake anapozungumza, kugawana mpira mmoja watoto kumi, na kuokota takataka aliyoitupa. Nyumbani alikuwa mmoja na wadogo zake. Hapa anajifunza kuwa mmoja kati ya wengi.

Kwa hiyo ukipita dirishani ukaona watoto wamekaa kwenye pembe za chumba, hawa na vizibo, hawa na udongo, hawa na picha, usidhani mwalimu amewaacha. Zile zinaitwa kona za kujifunzia. Mwalimu amezipanga kwa makusudi. Vipindi vyao ni vifupi, kwa sababu mtoto wa umri huo hawezi kukaa kimya akisikiliza kwa muda mrefu.

LUGHA YA NYUMBANI NA LUGHA YA SHULE

Watoto wetu wengi wanaanza shule wakiwa na Kisukuma tu. Nyumbani maji ni "minzi". Shuleni anasikia "maji". Miezi ya kwanza mtoto anaweza kukaa kimya, watu wakadhani ni mjinga. Si mjinga. Anasikiliza. Anakusanya maneno kama anayejaza ghala. Siku moja utamsikia anamwamuru mdogo wake kwa Kiswahili.

Wazazi wengine wanatuuliza, "Basi tuache Kisukuma nyumbani?" Hapana, msiache. Mtoto mwenye maneno mengi katika lugha ya mama anayo mahali pa kuyaweka maneno mapya. Endeleeni kumsimulia hadithi jioni kwa lugha mnayoijua vizuri. Muulizeni maswali: "Kwa nini fisi alidanganyika? Wewe ungefanyaje?" Mtoto anayejibu maswali nyumbani hataogopa kujibu darasani.

NJIA, NJAA NA MVUA

Sasa tuseme ukweli ambao mnaujua kuliko sisi. Shule nyingine ziko mbali. Wakati wa mvua mito inajaa. Januari mpaka Machi ni wakati wa palizi, na mama yuko shambani tangu alfajiri. Watoto wa awali hutoka mapema kuliko kaka na dada zao. Asubuhi anakwenda na dada yake wa darasa la nne, lakini kurudi atarudi na nani? Jambo hili linaonekana dogo, lakini linaondoa watoto wengi shuleni.

Dawa yake iko kwenye kitongoji. Wazazi wa nyumba tano au sita wapange zamu. Leo mama huyu anawachukua watoto wote, kesho baba yule. Mnasikia tunasema baba? Ndiyo, na baba ana zamu. Mto ukijaa, mtoto mdogo asivushwe na mtoto mwenzake. Heri akose siku moja.

Njaa nayo inafunga masikio. Mtoto aliyetoka nyumbani na kikombe cha maji tu atasinzia kabla ya saa nne. Asile sana, lakini ale: kiazi kilichobaki, uji, kipande cha muhogo. Na uji wa shuleni unawezekana kijiji kikitaka. Wazazi wakutane na kamati ya shule, wakubaliane kila nyumba itoe mahindi kiasi gani na karanga kiasi gani, nani atapika, nani atatunza hesabu. Wahitimu wa kisomo, daftari hilo la hesabu ni lenu. Andikeni kilichoingia na kilichotoka, na msome mbele ya mkutano. Uji mwingi vijijini umekufa kwa sababu hakuna aliyejua mahindi yalikwenda wapi.

MWALIMU MMOJA, WATOTO WENGI

Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25 wa awali. Ninyi na sisi tunajua kuna shule ambako mwalimu mmoja ana watoto zaidi ya mara mbili ya hao, na wengine wanakaa chini. Tusidanganyane. Mwalimu wa namna hiyo hawezi kumshika kila mtoto mkono.

Tudai walimu na madarasa kupitia mkutano wa kijiji na diwani wetu. Hiyo ni haki yetu, na tuiseme bila kuchoka. Lakini wakati tunadai, mtoto wa mwaka huu hangoji. Mwaka wake wa awali ni huu.

Wazee wenu wanakumbuka Mtu ni Afya, mwaka 1973. Watu wapatao milioni mbili walikutana vikundini, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, kisha wakachimba vyoo. Walizungumza, halafu wakafanya. Nasi tunaweza. Kikundi kimoja kikusanye vizibo, mabua, mbegu na makopo safi yasiyo na makali. Mafundi wa mikeka washone mikeka miwili. Mfinyanzi alete udongo. Bibi anayejua hadithi aombe ruhusa ya mwalimu mkuu, akasimulie mara moja kwa wiki. Mambo hayo hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji watu waliokubaliana siku.

MWISHO WA MWAKA UTAONA NINI

Hakuna mtihani wa taifa katika darasa la awali. Mwalimu anamtazama mtoto anavyofanya na kuandika maendeleo yake. Nenda ukamuulize. Usiulize tu, "Amekuwa wa ngapi?" Uliza, "Anaweza nini sasa ambacho Januari hakuweza?"

Mambo ya kutarajia ni haya:

(a) Anaeleza jambo alilofanya, kwa mpangilio, mpaka unaelewa.

(b) Anasikiliza hadithi fupi na kujibu maswali juu yake.

(c) Anahesabu vitu vichache kwa kugusa, na ukimwambia "nipe tano" anakupa tano.

(d) Anatambua jina lake likiandikwa, na sauti za baadhi ya herufi.

(e) Anashika penseli, anachora, na anajaribu kuandika.

(f) Ananawa mikono bila kuambiwa kila mara.

(g) Anacheza na wenzake, na akigombana anaweza kupatana.

Usitarajie akusomee gazeti hili. Hiyo ni kazi ya darasa la kwanza na la pili. Wala usimpime kwa mtoto wa jirani. Kuna anayetembea akiwa na miezi 10 na kuna anayetembea akiwa na miezi 15. Baadaye wote wanakwenda mnadani, hakuna anayeuliza nani alitangulia kusimama.

Lakini ukiona mwaka unaisha, naye hageuki ukimwita, au anasogeza picha puani ndipo aione, au hasemi kabisa hata nyumbani, usingoje. Mpeleke zahanati. Mwaka huu unatusaidia kuyaona matatizo hayo mapema, kabla mtoto hajaitwa mjinga kwa kosa la sikio.

KAZI YA NYUMBANI

Mwisho, tunawaomba dakika chache kila jioni. Apukuchue mahindi nawe, mkihesabu punje. Apange vijiko, vikubwa na vidogo. Umuulize, "Leo umecheza nini?" Usimuulize tu kama amefundishwa. Naye akiimba wimbo wa shule, uimbe naye.

Kisha fungua gazeti hili mbele yake. Soma kwa sauti, hata kama unasoma polepole. Usione haya mbele ya mtoto wako. Akikuona unafuata mstari kwa kidole, unakwama, unarudia, halafu unaelewa, amejifunza kwamba kusoma ni kazi ya watu wa nyumba hii pia. Hilo mwalimu hawezi kumfundisha.

Samaki mkunje angali mbichi, wazee walisema. Waandikisheni watoto. Na mkishawaandikisha, waacheni wamalize mwaka.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kitongoji chetu kuna watoto wangapi wa miaka 5? Wangapi hawajaandikishwa, na kwa nini?

2. Watoto wa awali wanarudi nyumbani na nani? Tupange zamu vipi?

3. Mwombe mtoto mmoja akupe punje tano za mahindi. Alifanya nini? Tumsaidie vipi?

4. Ni vitu gani tunaweza kuvipeleka kwenye darasa la awali mwezi huu? Nani atavikusanya, na siku gani?